Kijijini, studio au karakana ya sanamu: pa kujifunzia udongo ukiwa Mwanza

Ukiwa Mwanza na ukaanza kuulizia mahali pa kujifunza ufinyanzi au sanamu, jibu litategemea umemuuliza nani. Mtu wa Magu au Sengerema atakwambia kuna mama kijijini kwao, nenda ukakae naye. Rafiki aliyepita Dar es Salaam au Nairobi atakwambia tafuta studio yenye gurudumu na tanuri la umeme. Fundi anayetengeneza simba wa getini na nguzo za urembo atakushangaa: unahangaika nini, njoo karakana, sanamu tunamwaga hapa kila wiki. Hakuna anayekudanganya. Ila wanakuelekeza kwenye mafunzo matatu yanayofanana kwa udongo tu, na mtu akiingia pasipo pake huishia kusema kazi hii haimfai, kumbe alikosea mlango.

Vya kuangalia kabla hujalipa

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo yale yale: udongo wenyewe, mwalimu na muda, moto, gharama, na kile utakachoondoka nacho. Ada nimeiweka nyuma makusudi. Watu huanza na bei, halafu wanagundua kwamba kilichowashinda ni nauli, au muda, au kwamba walitaka chungu cha kupikia wakafundishwa kikombe cha chai.

Kama una nafasi ya kuuliza swali moja tu, uliza la moto. Chungu kilichokaushwa juani bado ni udongo. Kitumbukize kwenye ndoo ya maji na baada ya saa chache utakuta tope. Kikishachomwa kupita kiasi cha nyuzi joto 600, hata maji yaliyofungamana na chembe za udongo wenyewe yanakuwa yametoka, na hapo hakirudi tena kuwa tope hata ukikiloweka mwaka mzima. Ufinyanzi wote umesimama juu ya badiliko hilo. Ajabu ni kwamba warsha nyingi humpa mwanafunzi udongo na kumnyima moto: unafinyanga Jumamosi, unapigwa picha mikono ikiwa imejaa tope, mwenye studio anachoma Jumatano wewe ukiwa kazini. Ukipigiwa simu kwamba chako kimepasuka utapewa pole na maelezo, lakini hutakuwa umejifunza kuzuia kisipasuke tena. Kwa hiyo uliza mapema: siku ya kuchoma nitakuwepo?

Kukaa na mfinyanzi kijijini

*Udongo.* Utauchimba mwenyewe, na sehemu hii nikiri naipenda kuliko zote. Miamba ya matale iliyoupa mji wa Mwanza sura yake ikioza kwa karne nyingi hutoa mchanga na udongo laini, na mvua huuteremsha ule laini mabondeni. Asiyejua huvutwa na udongo mweusi wa mbuga kwa sababu unanata vizuri mkononi. Huo huvimba ukilowa, na ukikauka hupasuka kama ardhi ya majaruba wakati wa kiangazi. Mfinyanzi ana shimo lake analolijua. Atachukua kibonge, atakiviringisha kiwe unene wa kidole cha mwisho, kisha atakizungusha kwenye kidole chake. Kikijikunja bila nyufa, udongo una mshiko. Kikikatika, anautupa na kwenda hatua chache pembeni.

Baada ya hapo unaondoa mawe na mizizi, unaloweka, unakanyaga. Kisha unachanganya mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika vikiwa vimetwangwa. Vile vigae ni vya lazima. Hufungua njia ya mvuke kutoka wakati wa kuchoma, na baadaye ndivyo vinavyokifanya chungu kistahimili kukaa juu ya mafiga bila kupasuka.

*Mwalimu na muda.* Ratiba haipo. Ipo misimu. Vuli na masika watu wako shambani na vyungu havikauki. Kuanzia Juni hadi Agosti ndipo kazi inapochanganya. Mafunzo ni kwa kutazama na kushika. Kitako hukalishwa ndani ya kigae cha chungu cha zamani, ukuta unapandishwa kwa mikunjo ya udongo, unakwanguliwa ndani kwa kipande cha kibuyu, na shingo inasawazishwa kwa kitambaa au ngozi yenye maji. Chungu kikishashika kidogo, kipande cha kamba iliyosokotwa huviringishwa begani na kuacha yale mapambo ya mistari mifupi mifupi ambayo kila mtu wa kanda ya ziwa ameyaona kwa bibi yake. Mwisho ni kusugua kwa jiwe laini la mtoni hadi kitoe mng'ao.

Usitegemee kuelezwa sababu. Bibi atakunyang'anya chungu, atakirekebisha, atakurudishia. Ukiuliza kwa nini, atasema, "Shika hapa." Upande wa Kenya wa ziwa, kwa Wajaluo, wanawake wengi walijifunza ufinyanzi baada ya kuolewa, kwa mama mkwe au mke mwenza, na mikono ilizoea taratibu pamoja na kazi nyingine za nyumbani. Mafunzo ya namna hiyo hayabanwi kwenye wikiendi. Na kwa kuwa sehemu nyingi za ukanda huu kazi hii ni ya wanawake, kijana wa kiume aulize kwanza kama kuna miiko shimoni au siku ya kuchoma. Shikamoo yako, kilo mbili za sukari na subira vitakufungulia mlango ambao pesa peke yake haifungui.

*Moto.* Upo mwanzo hadi mwisho. Vyungu hupashwa kwanza, midomo ikiwa imeelekezwa kwenye makaa au moshi, ili maji ya mwisho yatoke polepole. Kisha vinapangwa juu ya kuni, vinafunikwa nyasi, samadi kavu na vigae vikubwa, na kuwashwa upepo wa ziwani ukiwa umetulia. Joto hufika kati ya nyuzi 600 na 900, na kazi huisha mapema kuliko utakavyodhani. Ukisikia mlio wa kupasuka ndani ya moto, ni mvuke uliokosa njia. Mwenye chungu atakijua kwa sehemu kilipopangwa. Wajaluo hukipiga chungu kikiwa bado cha moto kwa maji ya magome ya mti, kinabaki na madoa ya kahawia na matundu yanazibika. Hakuna kipimajoto. Kuna rangi ya moto, na macho yaliyoizoea.

*Gharama.* Ada ni ndogo au haipo, lakini usiende bure. Siku anayokaa na wewe hafinyangi vya kuuza, kwa hiyo mkubaliane malipo ya siku, ununue na kuni. Nauli na malazi ndivyo vitakavyokula fedha. Na tafadhali, msimpelekee mama wa watu kundi la watu kumi na kamera kisha mkaondoka na asante.

*Unachoondoka nacho.* Chungu cha kupikia na mtungi. Kuta zake zina vitundu, hivyo mtungi hutoa jasho na maji ndani yake hupoa, hata pale ambapo friji haipo. Kwa kuwekea maziwa au mafuta muda mrefu haufai sana.

*Inamfaa* mwenye muda mtupu wa wiki kadhaa, anayetaka kujua kazi kuanzia shimoni, na asiyeudhika akiambiwa arudie. Anayetaka cheti, au maelezo ya kisayansi kwa kila hatua, atachoka siku ya pili.

Studio yenye gurudumu na tanuri

*Udongo.* Unaletwa umechujwa, uko kwenye mfuko wa nailoni. Kazi yako ni kuukanda kutoa hewa: unakata bonge kwa waya, unaangalia kama kuna vitundu, unagonganisha vipande, unakanda tena. Mwanafunzi hupata udongo ule ule kila mara na hiyo ni nafuu kubwa, kwani kosa likitokea anajua ni lake. Hasara yake ni kwamba siku mfuko ukiisha na duka lipo Dar, umekwama, wakati bonde limejaa udongo nusu saa kutoka kwako.

*Mwalimu na muda.* Saa zinajulikana, mwalimu anaeleza, unaweza kuuliza mpaka uchoke. Gurudumu lenyewe, la umeme au la kupiga kwa mguu, halina huruma kwa mgeni. Kazi ya kwanza ni kulituliza bonge katikati. Viwiko unavikaza pajani au kiunoni, kiganja kinasukuma ubavuni, kingine kinabonyeza juu, na udongo unayumba na kukusukuma mikono mpaka ghafla unatulia. Unakuwa unazunguka lakini ukiutazama kama umesimama. Wapo wanaoupata mkono siku hiyo hiyo, wengi huchukua wiki. Darasa la asubuhi moja ni la kuonja tu, na studio zenye uaminifu husema hivyo.

Hesabu muda wa kukausha pia. Kikombe kinahitaji siku kadhaa, kinanywea njiani, hasa pale mkono wa kikombe unapoungana na ukuta, na ukikiharakisha juani mkono unaachia. Kikikauka kinachomwa mara ya kwanza, kinapakwa ile rangi inayoyeyuka na kuwa kioo, kinachomwa mara ya pili. Warsha ya Jumamosi na Jumapili haiwezi kukupa kikombe kilichokamilika Jumapili jioni. Anayekuahidi hivyo atakupa kilichotengenezwa na mtu mwingine, au kisichochomwa.

Hapa nina la kuwaambia wanaodhani gurudumu ni cheo na kufinyanga kwa mkono ni chekechea. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza kusomea sanaa, kisha miaka ya 1970 akaenda kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria. Mmoja wa aliojifunza kwao kufinyanga kwa mkono alikuwa Ladi Kwali, mwanamke aliyefundishwa na shangazi yake kijijini na ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Vyombo vya Odundo hujengwa kwa mkono, husuguliwa hadi ving'ae, na rangi yake nyekundu au nyeusi hutokana na hewa inayoruhusiwa au kuzuiwa ndani ya tanuri. Makumbusho makubwa ya dunia yanavigombea. Gurudumu linakupa kasi na vyombo vinavyofanana. Ukitaka seti ya vikombe sita hilo ni jambo kubwa, ukitaka umbo lisilo duara halikusaidii kitu.

*Moto.* Tanuri hupandishwa polepole: mara ya kwanza karibu nyuzi 900 hadi 1,000, mara ya pili hadi 1,100 kwa udongo mwekundu wa kawaida, au kati ya 1,200 na 1,300 kwa ule mgumu unaoziba kabisa. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa kwa ghafla, ndiyo maana mwenye tanuri hakubali kulifungua likiwa la moto hata umbembeleze vipi. Uliza kama utafundishwa kupanga vyombo ndani na kusoma joto. Uliza pia tanuri linatumia nini, na umeme ukikatika katikati ya kuchoma wanafanyaje. Kwa Mwanza hilo ni swali la kawaida kabisa.

*Gharama.* Hii ndiyo ya juu kati ya tatu, na ada iliyotangazwa mara nyingi siyo yote. Kuna udongo kwa kilo, rangi, na kuchoma kunakotozwa kwa kipande. Wasiwasi mwingine ni baadaye: studio ikifungwa au mwalimu akihama, huna gurudumu wala tanuri nyumbani. Studio za namna hii kanda ya ziwa ni chache, kwa hiyo wengine hulazimika kusafiri au kusubiri mwalimu mgeni.

*Unachoondoka nacho.* Vikombe, bakuli, sahani zinazoosheka na zisizovuja. Usizibandike jikoni. Udongo wa studio umebana sana, na mkaa unaochoma upande mmoja utaupasua. Vilevile hakikisha rangi inayopakwa ndani ya vyombo vya chakula haina madini ya risasi.

*Inamfaa* mfanyakazi mwenye Jumamosi tu, mtu anayelenga kuuzia hoteli na wageni, na anayependa kujua sababu ya kila kitu.

Karakana ya sanamu

Mwanza haina uhaba wa sanamu. Tazama yule samaki wa kwenye kipilefti mjini, tazama mageti ya nyumba mpya. Nyuma ya kazi kama hizo kuna karakana ambako kijana anaweza kujifunza kwa mikono kuanzia siku ya kwanza.

*Udongo.* Hapa udongo mara nyingi ni wa kupita tu. Unajenga umbo juu ya mifupa ya waya na nondo, unaliweka bichi kwa matambara yenye maji na nailoni, kisha unatengeneza kalibu juu yake, yaani ganda la kumwagia jipsamu au simenti. Kalibu ikishashika, udongo unatolewa, unarudi kwenye pipa kwa kazi ijayo. Kama mwalimu wako anataka sanamu ichomwe, kanuni zinageuka: chuma ndani hakiruhusiwi, kwa kuwa udongo hunywea na chuma hakinywei, kwa hiyo utapasuka. Na sanamu ya kuchomwa lazima ikombwe ndani, kuta zisizidi unene wa vidole viwili, na pawe na tundu la kutolea hewa. Kichwa cha mtu kilichojaa udongo mpaka katikati ndicho kinacholipuka na kuvunja kazi za wenzako.

*Mwalimu na muda.* Utaanza kwa kuchekecha mchanga na kukata waya. Wengine huona wanatumikishwa, na wakati mwingine ni kweli. Kubalianeni mapema ni lini utashika umbo. Lakini jicho linanolewa haraka. Fundi atakuzungusha nyuma ya simba wako akuonyeshe kwamba bega moja limepanda, jambo ambalo mbele halionekani.

*Moto.* Kwa kawaida haupo. Jipsamu, ule unga mweupe wa mafundi wa dari, hushika kwa dakika chache baada ya kumwagiwa kwenye maji, na hupata joto lake wenyewe. Unga ndio unaokwenda kwenye maji, ukigeuza utapata mabonge. Simenti hushika kwa siku na inapenda kumwagiliwa. Kwa hiyo swali langu la moto hapa linageuka kuwa la kalibu: utafundishwa kuitengeneza, au utapewa iliyokwisha tengenezwa ujaze? Kujaza kalibu za watu ni kibarua kama kibarua kingine.

*Gharama.* Zana ni rahisi, na baadhi ya mafundi hupokea mwanafunzi kwa kazi badala ya ada. Gharama iliyofichika ni afya. Simenti hula ngozi, hivyo nunua glavu. Kemikali za faiba zina mvuke mkali, zinahitaji mahali pa wazi. Na vumbi, liwe la udongo mkavu au jipsamu, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kufagia kavu kunalipandisha mapafuni, na madhara yake hujitokeza baada ya miaka. Onyo la vumbi linawahusu wa studio vilevile.

*Unachoondoka nacho.* Kazi kubwa inayosimama nje, na njia ya kipato karibu mara moja. Ya jipsamu iweke ndani, mvua haiipendi.

*Inamfaa* anayevutiwa na umbo la mtu na mnyama, mwenye nguvu za mgongo, na anayehitaji fedha kabla mwaka haujaisha.

Na chuo?

Chuo ni uamuzi wa aina nyingine, wa miaka. TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, ina sanaa za ufundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sanaa pia. Kwa mtu wa kanda ya ziwa, Makerere haiko mbali sana: shule yake ya sanaa, iliyoanzishwa na Margaret Trowell miaka ya 1930, ndiyo iliyompitisha Gregory Maloba, aliyetengeneza mnara wa uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Ukitaka kufundisha shuleni au kuandika kuhusu sanaa, chuo kinakufaa. Kama unataka tu mikono izoee udongo, usianzie huko.

Kutokana na hali yako

Una Jumamosi tu na familia inakungoja: studio, hata kama ni ghali, lakini lipia mfululizo wa wiki kadhaa na si siku moja. Huna studio karibu? Anza kwa kufinyanga kwa mkono nyumbani, huku ukitafuta mfinyanzi anayechoma Jumapili.

Uko likizo ndefu, au umemaliza kidato cha sita unasubiri matokeo: nenda kijijini. Kabla ya hapo pita Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, utazame vyombo vya zamani na uulize nani bado anafinyanga. Jina la mtu mmoja linatosha, wafinyanzi wanajuana.

Unataka biashara: kwanza jiulize mnunuzi wako ni nani. Mama ntilie na mpishi wa nyumbani wanataka chungu kinachokaa kwenye mkaa. Hoteli inataka sahani. Mwenye nyumba mpya Buswelu anataka simba wawili wa getini. Wanunuzi watatu, mafunzo matatu, na huwezi kuwahudumia wote kwa ufundi mmoja.

Una mtoto anayependa kuchezea tope: usimpeleke karakana ya simenti. Mama mfinyanzi au darasa la watoto la kufinyanga kwa mkono linatosha, na kazi zake zikaushwe wiki nzima kabla hazijasogezwa karibu na moto.

Ukitaka kuchanganya, mpangilio ninaoupendekeza ni kijijini kwanza, studio baadaye. Aliyewahi kuchoma kwa nyasi na samadi analielewa tanuri haraka, ila aliyezoea kubonyeza kitufe hupata tabu sana mbele ya moto wa wazi. Mchonga sanamu anaweza kuanza popote.

Na angalia kalenda. Kama unasoma haya Machi, mvua za masika ziko mlangoni, na safari ya kijijini itakuwa ya kukaa ukitazama vyungu visivyokauka. Tumia miezi hiyo karakana ya sanamu au studio, omba namba ya mfinyanzi sasa hivi, umpigie mwishoni mwa Mei umuulize kama shimo limeshakauka.